Kutandika Vigae vya Kushikana katika Gereji ya Nyumbani, Mombasa

Sakafu ya saruji tupu katika gereji ya nyumbani hutoa vumbi, hunywa mafuta ya gari na, pale unyevu unapopanda kutoka ardhini, hufanya utando mweupe wa chumvi ambao wakaazi wa Mombasa tunaufahamu vyema kutokana na kuta zetu. Vigae vya plastiki vinavyoshikana kwa vitanzi na vijino huifunika sakafu hiyo bila gundi wala saruji mpya, na mtu mwenye subira anaweza kuvitandika mwenyewe kwa siku moja. Jambo linaloamua iwapo kazi itadumu ni hesabu inayofanywa kabla ya kigae cha kwanza kuwekwa chini.

Chukua mfano wa gereji yenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 6, na vigae vya sentimita 40 kwa 40. Ukigawanya eneo tu utapata vigae 112 na nusu, lakini idadi hiyo haitoshi, kwa sababu vigae huhesabiwa kwa safu. Upana unahitaji vigae 7 na nusu, yaani 8, na urefu unahitaji 15, hivyo jumla ni 120. Ongeza 6 vya akiba. Badala ya kuacha nusu kigae upande mmoja, ni bora kuweka vigae 6 vizima katikati na vipande vya takriban sentimita 30 kila upande, kwani idadi ni ile ile na sakafu hupendeza zaidi.

Urefu wa mita 6 unaoingia vigae 15 barabara unaweza kuonekana kuwa bahati njema, kumbe ndio mtego wenyewe. Plastiki ngumu ya polipropilini hutanuka kwa joto: katika urefu wa mita 6, joto likipanda kwa nyuzi 10, plastiki hiyo hurefuka kwa takriban milimita 6 hadi 9. Katika gereji yangu nilivibana vigae ukuta kwa ukuta wakati wa kusi, nikaridhika. Kaskazi ilipoingia na jua la mchana likapiga mlangoni, safu za katikati ziliinuka kama mgongo wa kobe, na kila nilipokanyaga hapa paliinuka pale. Ilinibidi kuing'oa safu yote ya ukutani na kuikata upya. Kwa hiyo acha nafasi ya sentimita 1 kwenye kila ukuta na kuzunguka kila nguzo, hata kama itakulazimu kupunguza vigae ambavyo vingeingia vizima.

Kabla ya kununua, funika kipande cha sakafu kwa nailoni, uibane pande zote kwa utepe, kisha uiache kwa siku nzima. Ukikuta matone chini yake, unyevu unatoka ardhini, na vigae vyenye matundu vitakufaa kuliko vilivyoziba. Vigae vya matundu hufaa pia kwa gari linaloingia likichuruzika wakati wa masika, mradi sakafu iwe na mteremko wa kuelekea mlangoni.

Osha mafuta kwa sabuni, ziba mashimo na nyufa, kisha laza ubao ulionyooka wa mita 2 na uangalie mwanga unaopita chini yake. Penye bonde linalozidi milimita 5, sawazisha kwanza. Piga mstari wa chaki katikati, kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma, na mwingine unaoukata kwa pembe mraba. Anzia mlangoni, vitanzi vikielekea unakokwenda, ili vijino vya kigae kinachofuata viingie kutoka juu. Gonga kila kiungo kwa nyundo ya mpira na usikilize: kijino kilichoingia sawasawa hutoa mlio mkavu, na kisichoingia hudunda. Vipande vya mteremko vya mlangoni huuzwa vya vitanzi au vya vijino, kwa hiyo hakikisha mapema ni aina gani unayohitaji, na uvihesabu katika kipimo cha urefu.

Vipande vya kando vikate mwisho, kimoja kimoja, kwa msumeno wa meno madogo, kwa sababu kuta zetu za matumbawe zilizopigwa lipu ni nadra kunyooka, na kipimo cha kona moja hakifai kwa nyingine.

Gari linaweza kuingia siku hiyo hiyo. Unapotumia jeki, weka ubao mnene chini yake ili uzito usitoboe plastiki. Masika yakiisha, inua safu za mlangoni, fagia mchanga uliojikusanya chini, osha kwa maji baridi, kisha uvirudishe vigae kwa mpangilio ule ule.