Kabla ya kufunga begi la kujifungulia

Mimba ikifika mwezi wa saba, kila shangazi anauliza habari za begi: kanga umepata doti ngapi, beseni lipo, glovu na mpira wa kuzalia umeshanunua? Utazalia wapi, hilo haulizi mtu, na ndilo la kwanza.

Zahanati inatosha kwa uzazi usio na shida. Ila haina chumba cha upasuaji wala damu ya kuongezewa. Kama ni mimba ya kwanza, au ya tano na kuendelea, ulishawahi kupasuliwa, una mapacha, urefu wako haufiki sentimita 150, presha inapanda au mtoto ametanguliza makalio, panga kuzalia hospitali au kituo cha afya chenye upasuaji.

Hapo ndipo desturi yetu ya kwenda kujifungulia kwa mama inapotaka kufikiriwa vizuri. Binti anatoka Dar es Salaam, hospitali iko mwendo wa bajaji, anakwenda kijijini ambako masika ikishika barabara inakatika. Binamu yangu alifika kwao na beseni jipya na vinguo vimepigwa pasi, kadi ya kliniki imebaki Mbagala ndani ya droo. Kundi la damu, presha, vipimo, vyote vilikuwa humo. Kwa mama ni kuzuri, kuna uji na mikono ya kubeba mtoto, lakini hayo yote yanaweza kusubiri hadi umeshajifungua.

Umbali una hesabu yake. Damu inayotoka kwa wingi baada ya kuzaa inaweza kuua ndani ya saa mbili. Mtoto asiyepumua anahitaji kusaidiwa ndani ya dakika ya kwanza. Kwa hiyo nenda mapema ukaulize: usiku mkunga analala wapi? Taa zipo umeme ukikatika? Friji inafanya kazi? Oksitosini, sindano ya kuzuia damu, hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, ikikaa kwenye joto inapoteza nguvu. Usione haya, mkunga anayejiamini atakufungulia friji mwenyewe.

Usafiri nao usingoje uchungu. Tanzania kuna m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, unapiga 115 bure ukipata dharura, lakini jaribu kwanza kama mtandao unashika hapo nyumbani, na uwe na namba ya dereva wa jirani. Mkubaliane pia, baba akiwa safarini, nani anasema "twende" bila kusubiri simu ya mtu. Tafuta ndugu wawili walio tayari kutoa damu. Kama hospitali ni mbali, uliza kama ina nyumba ya kusubiria, uhamie wiki mbili kabla.

Ukishajifungua salama, usikimbilie nyumbani: mama na mtoto wanatakiwa kuangaliwa kwa saa 24 angalau. Anayeleta uji ajipange kwa siku mbili, siyo asubuhi moja.