Kumkinga mgonjwa asianguke usiku wodini

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazee hapa Nairobi, na wengi niliowaona wakianguka walikuwa wanaenda choo au wanatoka. Kwa hivyo zamu yangu ya usiku naianza na choo. Kabla ya taa kuzimwa napita kitanda kwa kitanda: "Shosho, twende haja ndogo tukiwa pamoja." Usimwulize kama anataka. Atakwambia hataki, kwa kuwa anaona wauguzi mko wawili tu wodi nzima na anahofia kukusumbua, kisha saa tisa usiku ajikokote peke yake gizani.

Kumwinua ni kwa awamu. Mkalishe ukingoni mwa kitanda, nyayo ziguse sakafu, mpige gumzo kidogo ukimtazama usoni. Akilalamika kizunguzungu, mpime presha akiwa amelala, kisha mpime tena ndani ya dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ya presha ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, huyo asitembee peke yake, na daktari aambiwe aziangalie dawa zake. Dawa ya kukojoza ikiwa ni mara mbili kwa siku, mwombe daktari dozi ya pili isogezwe saa nane mchana.

Kwenye fomu ya Morse, ya kupima hatari ya mgonjwa kuanguka, aliyewahi kuanguka hupata alama 25 na mwenye dripu 20. Jumla ni 45, na hospitali nyingi huhesabu hapo kuwa hatari kubwa. Lakini fomu iliyolala kwenye faili haimshiki mtu mkono. Mtaje kwa jina mnapokabidhiana zamu.

Jamaa wakija saa ya kuona wagonjwa, waambie slipa zirudi nyumbani. Walete viatu vya raba vinavyoshika kisigino. Leso nayo ifungwe juu ya vifundo vya miguu.

Reli za kitanda sizipendi kwa mgonjwa aliyechanganyikiwa: atazipanda, aanguke kutoka juu zaidi. Shusha kitanda hadi mwisho, funga breki za magurudumu.

Na akianguka, usimnyanyue upesi, hata majirani wa kitanda wakipiga kelele. Angalia kichwa, shingo na nyonga pale pale chini. Mguu mmoja ukionekana mfupi na umegeukia nje, shuku nyonga imevunjika. Na kama anameza wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, daktari aitwe saa hiyo hiyo, hata mzee akiapa kichwa hakikugonga popote.