Kujifua peke yako kwa Ironman ukiwa Dar

Wengi wanaamini bila klabu na kocha huwezi kumaliza Ironman, ile mbio ya michezo mitatu mfululizo ndani ya siku moja, mi naona sivyo kabisa, kwa sababu mbio yenyewe ni ya peke yako. Unaogelea km 3.8, unaendesha baiskeli km 180, halafu unakimbia marathoni nzima km 42.2, na kule kwenye baiskeli sheria inakukataza kujikinga upepo nyuma ya mwenzio, unatakiwa kumwacha mita 12, hedifoni marufuku, hata ndugu yako haruhusiwi kukupa chupa ya maji njiani. Sasa mtu aliyezoea kukaa juu ya baiskeli masaa matano bila stori wala muziki, kichwa chake kishajua kazi hiyo. Kwa hiyo usijionee huruma kwamba huna kundi, jipange tu.

Jipe miezi 6 hadi 8 kama tayari unajua kuogelea na unaweza kukimbia saa nzima bila kusimama. Hujui kuogelea? Acha hayo mengine kwanza ujifunze. Na kama ndo mara ya kwanza mi nashauri uanze na nusu yake, km 1.9, 90 na 21.1, majirani zetu Rwanda walifanya ya hivyo pale Rubavu, Ziwa Kivu, mwaka 2022, kwa hiyo mambo haya si ya Ulaya tu.

Wiki yako ianze na masaa 6 hivi, upande taratibu mpaka 12 au 13, na kila wiki ya nne upunguze karibu nusu hata kama unajisikia una nguvu kama simba, mwili unajengeka ukipumzika. Jumamosi baiskeli ndefu, Jumapili mbio ndefu (usizidishe masaa mawili na nusu, matatu mwisho, kukimbia kunaumiza kuliko vingine), katikati ya wiki mazoezi mafupi, Jumatatu lala. Mazoezi mengi yawe ya polepole. Ukiwa peke yako hakuna wa kukwambia tulia, kwa hiyo jipime mwenyewe, ongea sentensi nzima kwa sauti huku unakimbia, ikikatika katikati umezidisha, punguza. Halafu mara moja kwa wiki ukishuka kwenye baiskeli vaa raba palepale ukimbie dakika 20 au 30, miguu itakuwa mizito ajabu mwanzoni, na hiyo hali ndo unatakiwa uizoee.

Kuogelea ndo sehemu pekee ambayo nakuomba usiwe peke yako, tafadhali sana. Bwawani sawa, mradi kuna mlinzi anayekuona. Baharini hapana, hata uwe fundi kiasi gani. Tafuta mvuvi mwenye mtumbwi au ngalawa, elewaneni bei, akufuate pembeni kwa saa moja, na we jifunge boya la rangi kali kiunoni ili wenye boti wakuone. Angalia maji kabla hujatoka nyumbani, yakipwa pale ufukwe wa Coco unakutana na mawe, na siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo unavuta kweli. Upepo wa kusi ukikaza mawimbi yanachosha, basi siku hizo rudi bwawani. Pia baharini hakuna mstari wa kukuongoza, kila baada ya mikono sita hadi kumi inua macho kidogo uangalie alama moja nchi kavu, jengo au mnazi, la sivyo utaogelea km 5 badala ya 3.8.

Baiskeli nenda upande wa Kigamboni, uelekeo wa Kimbiji, magari ni machache kuliko Bagamoyo road. Toka saa kumi na moja na nusu alfajiri kabla jua halijawa kali, taa mbele na nyuma ziwake hata kukishapambazuka, helmeti kichwani, tyubu mbili, pampu, na ujue kuziba pancha mwenyewe maana siku ya mbio hakuna fundi wa kijiweni. Mtumie mtu wa nyumbani lokesheni ya WhatsApp inayotembea, na umwambie saa ngapi aanze kukutafuta.

Kula ni zoezi la nne, jamani watu wanalipuuza sana. Kwenye baiskeli unahitaji gramu 60 hivi za wanga kila saa, ndizi mbivu ya wastani ina kama 25, tende nazo ni nzuri mno na haziozi mfukoni. Kinywaji tengeneza nyumbani, lita moja ya maji, gramu 60 za sukari, robo kijiko cha chai cha chumvi, kamulia limao. Jipime uzito kabla na baada ya zoezi, kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya jasho, na kwa joto letu la Januari utashangaa. Ila usinywe maji matupu kupita kiasi, chumvi ya damu ikishuka sana ni hatari kweli.

Wiki tano kabla ya mbio fanya siku moja ya majaribio, nguo zilezile, chakula kilekile, kuanzia kifungua kinywa, baiskeli masaa matano kisha kukimbia dakika 40. Kinachokuchubua au kukuvuruga tumbo siku hiyo kibadilishe. Wiki tatu za mwisho punguza masaa, ya mwisho kabisa ifike kama theluthi ya kawaida, na lala mapema.