Ukija Dodoma kwa siku chache, usije "kusaini tu"

Kama ndugu yako amekupigia simu akasema, "Kiwanja kimepatikana Dodoma, kila kitu tayari, wewe njoo usaini tu," tiketi usikate bado. Likizo zetu tunaoishi Uingereza ni fupi. Ukitoa siku za ndege, za kuhani misiba iliyokupita na za kusalimia wakwe, Dodoma inabakiwa na siku nne tano za kazi. Zikiharibika hizo, unarudi London na dumu la mafuta ya alizeti na madeni.

Kufika siku hizi si shida. Treni ya SGR ilizinduliwa Agosti 2024, na ile ya haraka inakutoa Dar hadi Dodoma kwa saa tatu na nusu hivi. Kata tiketi mapema, beba pasipoti. Bunge la bajeti linakaa kuanzia Aprili mpaka mwishoni mwa Juni. Miezi hiyo gesti za maana hujaa na bei hupaa, epuka ukiweza. Wizara ziko Mtumba, kilomita 17 hivi kutoka mjini kwa barabara ya Dar, kwa hiyo mwenye shida wizarani alale upande wa Kisasa au Nanenane, asiende kulala Nkuhungu halafu akalaumu daladala. Ofisi zinafunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri. Ijumaa baada ya swala usitegemee saini ya mtu yeyote.

Tuje kwenye kiwanja, maana ndicho kinachowaleta wengi.

Ardhi ya Dodoma ina karatasi nyingi kuliko mji wowote ninaoujua. Makao makuu ya nchi yaliamuliwa kuhamia hapa mwaka 1973, CDA (Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu) ikaundwa mwaka huohuo, ikapima na kugawa viwanja kwa miaka zaidi ya arobaini, hadi Rais Magufuli alipoivunja mwaka 2017 na kazi zake kupelekwa halmashauri. Ndiyo maana leo unaletewa mkataba wa CDA wa miaka 33, mwingine ana barua ya toleo (ya kugawiwa kiwanja), mwingine hati ya miaka 99, mwingine risiti tupu iliyopauka. Serikali ilipohamia kweli, bei zikapanda, na madalali wakaota kila kona.

Mtego ulioninasa mimi uko hivi. Karatasi niliyotumiwa kwa WhatsApp ilikuwa halali kabisa. Kiwanja nilichopelekwa kuona kilikuwepo, kimepimwa, bikoni zote nne, yale mawe ya mipaka, zimesimama. Ila karatasi ilikuwa ya kiwanja kingine. Namba za viwanja hurudiwa kwenye kila kitalu, yaani kila kundi la viwanja vya eneo moja: namba ileile ipo Kitalu A, ipo B, ipo na C. Kwenye ile picha, kidole gumba cha binamu yangu aliyenitumia kilikuwa kimefunika herufi ya kitalu. Niliikuza picha mpaka ikavunjikavunjika, nikaambulia kuona ukucha.

Nilipofika ofisi ya ardhi, yule wa dirishani aliandika namba, akasoma kidogo, akaniuliza nilipelekwa kuona wapi. Nilipomweleza alitikisa kichwa: "Hapo pana mwenyewe, na kodi ya pango la ardhi analipa. Hiki chako kiko kule bondeni, maji yanakopita." Tukampigia dalali palepale. Simu haipatikani. Malipo ya awali yalishakwenda. Siku zilizobaki ziliishia kwenye korido: faili liko ofisi ile, mwenye faili yuko safari ya kikazi, njoo kesho. Kufungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba inawezekana, lakini nani atahudhuria tarehe za kesi wakati wewe uko Leeds unapanga boksi ghalani?

Kwa hiyo upekuzi kwanza, yaani kukagua kumbukumbu rasmi za kiwanja. Narudia, upekuzi kwanza, na ufanyike wakati wewe bado uko ughaibuni, kabla ya kutuma hata senti ya "kushikia nafasi". Kiwanja chenye hati kinapekuliwa kwa Msajili wa Hati, na utaona jina la mmiliki na kama kimewekwa rehani benki. Kisicho na hati hakitaonekana huko. Faili lake liulizie idara ya ardhi ya Jiji. Omba picha ya karatasi nzima, kingo zote nne, mbele na nyuma, bila vidole: namba ya kiwanja, kitalu, eneo, jina. Kisha lipa mpima mwenye leseni aende na kifaa chake hadi kwenye kiwanja. Bikoni zina namba, nazo zinapaswa kulingana na ramani ya upimaji. Dalali akikwambia mpima ni gharama ya bure, hapo ndipo umlipe huyo mpima haraka.

Na muhuri wa mwenyekiti wa mtaa si upekuzi. Mwenyekiti anaweza kumjua muuzaji tangu utotoni na asijue kitalu.

Sisi wa Uingereza tuna ugonjwa wetu pia. Kule kwetu unaingia mtandaoni, unalipa pauni chache, unamsoma mmiliki wa nyumba yoyote iliyosajiliwa huku umelala kitandani. Tukizoea hivyo, tukiona nembo na muhuri tunaamini. Waingereza wameshamaliza kazi ya kushuku. Mfumo unashuku kwa niaba yao, ndiyo maana wanaweza kuwa wapole hivyo kwenye foleni. Nawasifu, ila raha hiyo inapumbaza. Mwanangu aliyezaliwa huko aliniuliza kwa nini hatukuangalia kwenye tovuti. Nikamwambia ale mlenda wake.

Nanyi ndugu zetu wa nyumbani, tunawapenda, na nauli ya bodaboda mnaitoa mfukoni kwa ajili yetu. Lakini neno "tayari" mnalitumia vibaya. Kuongea na dalali mara mbili na kunywa naye soda si tayari. Binamu yangu ni mtu safi, hakuiba kitu. Yeye aliona aibu kumuuliza dalali, mzee wa watu, maswali mengi, asionekane hana imani. Shangazi, mjomba, uliza. Atakayekasirika kwa kuulizwa kitalu hana kiwanja cha kutuuzia. Na anayetuma pesa kutoka nje, tenga ya upekuzi na ya usumbufu wa ndugu yako, usimfanye tarishi wa bure halafu umlaumu.

Waliochukua pasipoti ya kigeni mnajua kwamba Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi asiye raia ardhi ila kwa uwekezaji. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2025 yameleta hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania. Fuatilia hiyo kabla hujaandika kiwanja kwa jina la shemeji.

Ukishafanya upekuzi ukiwa mbali, siku zako Dodoma zinakuwa tamu. Jumamosi nenda mnada wa Msalato: unachagua nyama ikiwa bado inaning'inia, unakaa kwenye benchi, upepo unakuletea vumbi na moshi kwa pamoja. Zabibu huvunwa mara mbili, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Nje ya hapo ridhika na mvinyo. Juni na Julai beba sweta, usiku kuna baridi ambayo watu wa Dar hawaamini. Michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, ambayo UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, inataka siku nzima. Usijidanganye utaiwahi mchana baada ya kutoka ofisini. Ile mizaha ya Dar kuhusu Wagogo, wenyeji wa Dodoma, iache hukohuko Dar. Salimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi", subiri ujibiwe, utashangaa milango inavyofunguka, hata ya ofisini.

Tiketi ya kurudi kata ya Jumapili asubuhi. Ijumaa jioni treni ni ya watumishi wanaokwenda kwa familia zao Dar, na huenda aliyekwambia "njoo kesho" amekaa kiti cha mbele yako.