Cha oda au cha stoo? Anza na siku za mteja

Nilipokabidhiwa programu ya kupanga uzalishaji kwa mara ya kwanza, niliweka alama ya "kwa oda" kwenye kila kitu kilichomo ndani ya kabati la chuma, hadi bawaba. Nilijiona mjanja: kisichoagizwa hakitengenezwi. Kesho yake programu ikatoa oda za kazi 38 za bawaba ileile, kila moja ya vipande 4, kila moja na jina la mteja wake. Fundi wa mashine ya kukunja alilishika lile rundo la karatasi, akanitazama, akaniuliza kama nimelala vizuri.

Siku hizi naanza na hesabu moja. Mteja yuko tayari kusubiri siku ngapi, na kazi nzima, pamoja na kungoja malighafi, inakula siku ngapi? Kama anasubiri 5 na kazi inachukua 12, huna ujanja: lazima kuwe na kitu kilichotengenezwa kabla hajapiga simu. Kitu gani? Shuka kwenye orodha ya sehemu, ngazi moja baada ya nyingine, mpaka ukute mahali ambapo kazi iliyobaki inaenea ndani ya hizo siku 5. Kwa kabati letu ilikuwa kasha lisilopakwa rangi. Rangi na kufuli, ambavyo mteja huchagua mwenyewe, vilitaka siku 3 tu. Basi kasha likawa la stoo, kabati lililokamilika likawa la oda. Bawaba huingia kwenye kila kabati. Ni za stoo, wala hakuna mjadala.

Alama yenyewe hukaa kwenye kadi ya bidhaa, yaani ukurasa wa taarifa zake ndani ya programu. Kwenye SAP, programu ya kuendesha shughuli za kampuni, alama hiyo huitwa mkakati: 10 ni wa stoo, 20 ni wa oda. Upo pia 40: unatengeneza kwa makadirio ya mauzo, kisha oda zikiingia zinayapunguza. Cha stoo kipe makadirio au kiwango cha kuagiza upya, pamoja na akiba ya tahadhari.

Linalowachanganya wengi ni hili: cha oda hufungwa kwenye namba ya oda ya mteja. Stoo inaweza kuwa na kabati lilelile, rangi ileile, na programu bado ikadai litengenezwe jingine, kwa sababu lile lina mwenyewe. Mteja akighairi, usitegemee lijifungue. Mtu lazima alihamishe kwenda akiba huru, isiyo na jina la mteja.

Kabla ya kuendesha mpango mzima, ingiza oda ya majaribio ya makabati 2 kwenye mfumo wa majaribio, huku stoo ya huko ikiwa na makasha na bawaba za kutosha. Itoke oda moja ya makabati, basi. Ukiona na bawaba 8 zimetoka, fungua kadi ya bawaba. Kuna mtu kaacha alama ya oda, na huenda ni mimi.