Miti ya chuo ipate wenyewe: anza na utepe, miche baadaye

Wengi wakitaka watu wa chuo waijali miti, huanza na siku ya kupanda miche. Nami nilianza hivyo. Hotuba zikasomwa, picha zikapigwa, likizo ikafika, na miche mingi ikakauka kwa kukosa wa kuimwagilia. Tangu hapo naanza na miti ambayo tayari imesimama.

Chukua utepe wa fundi cherehani, wagawe wanafunzi wawili wawili, kila jozi mti wake. Wapime mzingo wa shina mita 1.3 kutoka ardhini, kimo kinachotumiwa na watu wa misitu katika nchi nyingi. Gawanya kwa 3.14, upate kipenyo. Kwenye mteremko, pima ukiwa umesimama upande wa juu. Shina likiwa limegawanyika chini ya kimo hicho, kila shina lipimwe peke yake. Usiwaharakishe hapa. Mtu akishalikumbatia shina ili ncha za utepe zikutane, hapiti tena pale bila kuinua macho. Nimeliona hilo hata kwa wanafunzi waliokuja kwa kulazimishwa.

Kila mti upewe namba, uwekwe kwenye ramani, kisha uwekewe kibao: jina linalojulikana na watu wa hapo, jina la kisayansi, na jambo moja tu la kukumbukwa. Kibao kikae juu ya kijiti ardhini. Tafadhali usikifunge shinani kwa waya, maana shina hunenepa, waya ukalikaba na kubana njia ya chakula iliyo chini ya gome.

Usiishie kwa wanafunzi wa mimea. Wa hesabu watafute kimo cha mti kwa kulinganisha kivuli chake na kivuli cha fimbo ya mita moja. Wa sanaa wachore magome. Na kabla ya wote, waulize watunza bustani na walinzi wa usiku. Mlinzi mmoja ndiye aliyenionyesha tawi lililokuwa likilia kila upepo ukivuma. Tulipopanda kulikagua, tulikuta limeoza ndani.

Fungua pia njia ya watu kuandika kuhusu mti wowote kwa namba yake. Jiji la Melbourne, Australia, liliipa miti yake anwani za barua pepe ili wakazi waripoti kasoro. Wengi wakaiandikia barua za mapenzi.

Mti ukilazimika kukatwa, tangaza mapema, onyesha ugonjwa wenyewe, na uruhusu maswali. Msumeno ukiwatangulia watu, kuwarudisha ni kazi ya miaka.

Wakati wa mahafali, waite wale waliopima mwaka wa kwanza, kila jozi kwenye mti wake. Wape utepe uleule, waandike kipimo kipya chini ya kile cha zamani.