Kudai Fidia ya Madhara ya Chanjo Nchini Marekani

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia jirani yangu, mama anayetunza wazee, ambaye alichomwa chanjo ya mafua akakaa miezi minane bila kuweza kuinua mkono.

Hatua ya 1: Hakikisha chanjo yako imo katika mpango wa serikali wa kulipa fidia ya madhara ya chanjo (VICP), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1986. Ya mafua imo, pamoja na zile za kawaida za watoto. Ya UVIKO-19 ina utaratibu wake, na muda wa kudai ni mwaka mmoja tu tangu kuchanjwa. Madhara yawe yamedumu zaidi ya miezi sita, au yamesababisha kulazwa na kupasuliwa, au kifo.

Hatua ya 2: Kwa jeraha lisilo kifo, wasilisha dai ndani ya miaka mitatu; hesabu tangu dalili ya kwanza, si tangu daktari alipoutaja ugonjwa.

Hatua ya 3: Kusanya kumbukumbu za matibabu. Hapa ndipo tulipopoteza wiki nzima. Kwa jeraha la bega, maumivu yanapaswa kuwa yameanza ndani ya saa 48, tena katika bega lile lile lililochomwa. Jirani yangu alivumilia mwezi mmoja na nusu akidhani yatapoa, na alipofika kliniki wakaandika kwamba anaumwa kwa wiki mbili. Kadi ya chanjo nayo haikutaja ni mkono upi uliochomwa. Usimwombe daktari afute alichoandika, kwa kuwa jambo hilo litakuharibia shauri. Omba maelezo ya nyongeza yenye tarehe ya leo. Tafuta pia ushahidi wa siku zile zile: sisi tulipata ujumbe wa simu aliomtumia mwenzake usiku wa siku ya chanjo, akimwomba amshikie zamu kwa sababu bega lilikuwa linawaka moto, kisha mumewe akaandika hati ya kiapo. Nasisitiza uombe faili zima, la kabla ya chanjo pia, kwani muhtasari unaosomeka kwenye simu huacha mengi.

Hatua ya 4: Tafuta wakili aliyezoea mashauri haya. Hulipwa na mfuko wa mpango hata ukishindwa, ilimradi dai lilikuwa la nia njema na lenye msingi. Anayetaka asilimia ya fidia yako, mkimbie.

Hatua ya 5: Wasilisha ombi katika Mahakama ya Madai ya Shirikisho, Washington. Mdaiwa ni Waziri wa Afya, si muuguzi wala kiwanda. Fidia ya maumivu haizidi dola 250,000. Mishahara iliyopotea na gharama za matibabu huhesabiwa kando. Malipo mengi hutokana na maafikiano ambayo ndani yake serikali haikiri kwamba chanjo ndiyo iliyodhuru.